Kipindi cha muziki: mtoto wa kitengo aimbe na wenzake au kivyake?

Kuna walimu wa shule za msingi wanasema watoto wenye ulemavu wafundishwe muziki kivyao, kitengoni, yaani kwenye darasa lao maalumu hapo shuleni, na kuna wazazi hawataki kusikia hilo kabisa, wanataka wachanganywe. Mi nimewasikiliza wote na kwa kweli hao walimu hawana roho mbaya. Darasa la watoto 80, ngoma tatu zinalia kwa mpigo, mtoto mwenye usonji (autism) anaziba masikio anaanza kulia na mwalimu yuko peke yake, afanyeje? Kitengoni watoto ni wachache, anajua nani anaogopa kelele na nani lazima wimbo uleule urudiwe mara kumi ndo aushike.

Lakini sasa ngoma ni kitu cha kundi jamani. Utamfundishaje mtoto kuitikia kama hakuna anayeanzisha? Kusubiri zamu, kuingia pamoja, kunyamaza pamoja, hivyo anavipata kwa wenzake.

Kwa hiyo mi naegemea kuchanganya, ila sio ile ya kumweka kona apige makofi tu wenzie wakiimba. Chukua kiziwi, watu wanashangaa eti muziki wa nini, wakati ngoma kubwa unaisikia kifuani na kwenye nyayo, mvue viatu, kiganja akiweke ubavuni mwa ngoma, mapigo anayapata vizuri tu. Evelyn Glennie wa Scotland alikuwa kiziwi tangu ana miaka 12 na akawa mpigaji ngoma anayejulikana dunia nzima, anapiga pekupeku. Mwenye mtindio wa ubongo ambaye vidole havishiki, mfunge njuga, si ndo zinavaliwa miguuni tangu enzi za mababu? Na asiyeona naye kila siku anasukumiwa kuimba, eti wasioona wana sauti nzuri, hili linaniudhi sana, wapo wasiopenda kuimba kabisa wanataka marimba.

Huyo wa usonji aanzie kitengoni na ngoma moja tu, akizoea aje kwa wenzake akae karibu na mlango, akitaka kutoka atoke bila kugombezwa.

Ila yote haya yanataka mwalimu wa pili humo darasani. Pasipokuwepo, bora abaki kitengoni kwa sasa, na ngoma zipelekwe huko huko, zisibaki stoo zikisubiri siku ya mgeni rasmi.