Pesa ya Kwanza Iende Chini ya Bembea

Mtu wa Mbeya au Iringa akipanga kufungua sehemu ya michezo ya watoto, iwe shuleni, kwenye bustani ya nyumba ya wageni au pembeni mwa jiko la nyama choma, mazungumzo huanzia kwenye vyombo. Bembea ngapi, mserereko wa rangi gani, trampolini itapatikana wapi. Ardhi haitajwi. Fundi anasimika nguzo, anapaka rangi, watoto wanaachiwa, na chini yao kuna udongo mwekundu ulioshindiliwa na miguu mpaka umekuwa kama sakafu. Mimi ni mpenzi wa michezo hii yote, kuanzia bembea ya kamba mpaka yale magurudumu makubwa ya Ulaya na Marekani, na msimamo wangu ni huu: pesa ya kwanza iende ardhini, itakayobaki ndiyo inunue vyombo.

Hesabu yake ni ya darasani tu. Mtoto anayeanguka kutoka mita 2 anafika chini kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa. Udongo mgumu ukimsimamisha ndani ya sentimita 1, kichwa kinapokea nguvu ya takriban mara 200 ya uzito wake. Kitu kinachobonyea kikimpokea taratibu ndani ya sentimita 10, nguvu hiyo inashuka hadi mara 20. Mtoto ni yule yule na urefu ni ule ule. Kilichobadilika ni sentimita 9 za kubonyea, na hizo ndizo zinazotenganisha mtoto anayelia dakika mbili na mtoto anayekimbizwa hospitali. Nyasi hazisaidii kwa sababu chini ya bembea hazimalizi hata mwezi. Zege na lami visifikiriwe kabisa.

Wengi wakishaelewa hilo hukimbilia mchanga. Mchanga ni bora kuliko udongo, ila una kikomo. Mwongozo wa Marekani wa usalama wa viwanja vya watoto vya umma unasema mchanga wa kina cha inchi 9 unalinda mtoto asiyeanguka kutoka juu ya futi 4. Kina hicho hicho cha vipande vya mbao kinalinda hadi futi 10, na mchanganyiko wa mbao na magome hadi futi 7. Mchanga pia ukilowa hushikana, na kwa mvua zetu za Novemba hadi Aprili, hasa Tukuyu ambako mvua haina mchezo, utashinda umelowa nusu ya mwaka.

Hapo ndipo nyanda za juu kusini tunapowazidi wenzetu wote nchini. Msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote Tanzania, Sao Hill, uko Mufindi. Mafinga viwanda vya mbao vimepangana, na kila kiwanda kina kilima cha mabanzi, magome na maranda kinachosubiri kuchomwa moto. Dar es Salaam mtu akitaka vipande vya mbao lazima alipie usafiri wa mamia ya kilomita. Sisi tunavipita kila siku barabarani na bado tunawaangushia watoto wetu kwenye udongo. Hilo linaniuma kweli.

Ila si kila kinachotoka kiwandani kinafaa. Vumbi la msumeno halifai: hunyonya maji, hugandamana, na kiangazi huingia machoni. Maranda ya randa ni mepesi mno, upepo wa Makambako utayabeba yote kwa wiki moja. Pumba za mpunga kutoka Mbarali zina kasoro hiyo hiyo. Unachotaka ni mabanzi ya paini yaliyokatwakatwa vipande vya sentimita 1 hadi 3, visivyo na misumari na visivyo na ncha ndefu za kuchoma. Mashine ya kusaga mbao ikikosekana, magome makavu yaliyovunjwavunjwa yanafanya kazi nzuri, ila yanahitaji kuongezwa mara kwa mara. Usikubali kamwe mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa. Rangi ya kijani kibichi kwenye mbao mara nyingi ni dalili ya dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na Marekani waliiacha kwenye vifaa vya watoto mwishoni mwa 2003. Zile nguzo nyeusi zinazonuka lami ni mbaya vilevile. Hutoa mafuta juani na kuchoma ngozi.

Kiasi gani? Tuchukue bembea ya viti viwili, mhimili wake, yaani bomba la juu linaloshika minyororo, ukiwa futi 7 kutoka juu ya vipande vya mbao. Eneo la kuangukia, mbele na nyuma, ni mara mbili ya kimo hicho cha mhimili: futi 14 mbele na futi 14 nyuma. Pembeni acha futi 6 kila upande. Mhimili wa futi 10 kutoka nguzo hadi nguzo unatosha viti viwili, kukiwa na inchi 30 kati ya kiti na nguzo, na inchi 24 kati ya kiti na kiti. Eneo lote ni futi 28 kwa 22. Ukimwaga kina cha inchi 12, ambazo zitashindiliwa zibaki 9, unahitaji karibu mita za ujazo 17. Ni tripu kadhaa za tipa, na watu wengi hushtuka wakisikia. Afadhali washtuke wakati wa kupanga. Kama kiwanja hakina futi 28, basi hakina nafasi ya bembea hiyo. Weka kitu kingine badala ya kuielekeza ukutani. Na kiti cha tatu kisiongezwe, kwa sababu mtoto wa katikati hana pa kutokea bila kupita mbele ya wenzake.

Chimba eneo hilo kwa mteremko kidogo kuelekea upande mmoja, weka kokoto inchi 3 hadi 6 chini, tandika viroba vya kusuka vilivyopasuliwa, ndipo umwage mbao. Viroba vinazuia kokoto zisipande juu na huku vinapitisha maji. Ukiviruka, msimu mmoja wa mvua utachanganya vitu vyote na watoto wataanza kurushiana mawe. Kingo zizuiliwe kwa magogo au matairi yaliyofukiwa nusu.

Sasa bembea yenyewe. Watu hupima uimara wake kwa uzito wa mtoto aliyetulia, na hilo ndilo kosa. Anayebembea hadi minyororo ikafikia nyuzi 60 kutoka wima, akipita chini kabisa anavuta mara mbili ya uzito wake. Mtoto wa kilo 30 anakuwa kilo 60. Kijana wa kilo 80 aliyepanda jioni watoto wakiwa wamelala anakuwa kilo 160, kwenda na kurudi, mamia ya mara. Chuma hakikatiki kwa uzito wa mara moja. Kinachoka kwenye sehemu ile ile, nayo huwa ni pale palipochomelewa. Bomba la mabati likichomelewa, zinki yake inaungua, kwa hiyo kiungo kinabaki uchi na kutu huanzia hapo. Baada ya kuchomelea, fundi asugue kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, apake rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya juu. Azizibe pia ncha za bomba. Bomba lililoachwa wazi hujaa maji na kuoza kwa ndani huku nje rangi inameta. Ligonge kwa nyundo, sauti ikiwa butu mahali pamoja, hapo pameisha. Kutu nyingine mbaya iko pale nguzo inapoingia ardhini. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) lisimame chini ya vipande vya mbao, uso wake ukiinuka kuelekea nguzo ili maji yaondoke, na lisionekane hata kidogo. Zege lililochomoza ni jiwe la kuangukia.

Ndoano za S zinazoshika mnyororo zibanwe kwenye jiliwa hadi nafasi isizidi milimita 1. Zikiachwa wazi zinanasa nguo, na mnyororo unaweza kuchomoka. Angalia pia pale ndoano inaposuguana na pete yake ya juu. Chuma hulika taratibu, kikishapungua theluthi moja ya unene badilisha vyote viwili, kwa sababu kipya kikiwekwa na kikuukuu kitaliwa haraka zaidi. Kiti kisiwe cha ubao wala bati. Kiti kitupu cha mbao kinachorudi nyuma kinampiga usoni mtoto wa miaka mitatu aliyesimama hapo. Kata kipande cha mkanda wa raba wa mashine, kitoboe pembe mbili, weka washa pana pande zote mbili za tundu ili raba isichanike. Ni laini na kinadumu kuliko ubao.

Matairi, tunayo mengi kutokana na malori ya barabara ya Tunduma. Yanafaa kwa kupanda na kukalia, ila tairi lenye nyaya za chuma ndani likichakaa nyaya hizo hutokeza kama sindano. Pitisha kiganja chenye glavu ndani na nje kabla ya kulifunga, na likitokeza waya mmoja liache. Toboa matundu upande wa chini, la sivyo umefuga mbu.

Mserereko wa bati nitauzungumzia kifupi. Mteremko usizidi nyuzi 30, maana yake ukiwa na kimo cha futi 5 unahitaji karibu futi 9 za kwenda mbele. Mafundi wengi hubana nafasi, mtoto anatua kwa makalio kama gunia. Mwisho wake ulale sawa kwa angalau inchi 11. Jua letu la milimani ni kali hata siku ya baridi, kwa hiyo uwekwe kivulini. Usiuweke chini ya mkaratusi, maana huangusha matawi bila upepo.

Kuna hatari moja isiyoonekana kwa macho ya mtu mzima: nafasi. Uwazi kati ya inchi 3.5 na inchi 9, kwenye ngazi au kizuizi cha jukwaa, unapitisha mwili wa mtoto anayeanza na miguu na kukamata kichwa. Tengeneza kibao cha inchi 3.5 kwa 6.25 na duara la inchi 9. Mahali ambapo kibao kinapita na duara halipiti, ongeza fito au toa. Na huku kwetu kuna la ziada. Juni na Julai watoto wa Njombe na Makete wanacheza wakiwa na masweta ya kofia yenye kamba, skafu na mitandio. Kamba ikinasa kwenye bolti iliyotokeza juu ya mserereko, mtoto ameshaanza kushuka. Kata ncha za bolti zote zilizopita nati, zifunike, na kabla ya kupanda skafu zikae kwa mwangalizi.

Majumba ya kurukia yaliyojazwa upepo yanastahili wasiwasi zaidi ya yanavyopewa, hasa wakati wa Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, msimu wenyewe ukiwa wa upepo na vumbi. Desemba 16, 2021, shuleni mjini Devonport, Tasmania, kisulisuli kiliinua jumba la namna hiyo na watoto 6 wakafariki. Sisi tunavijua visulisuli vya kiangazi, na havipigi hodi. Kila pete ya kufungia iliyoshonwa na mtengenezaji itumike, zisipungue 6, kila moja na kigingi cha chuma cha sentimita 38, unene milimita 16, kikipigwa ardhini kwa kulalia nje. Kwenye sakafu ambako vigingi haviingii, uzito wa kila pete ni kilo 163. Tofali mbili haziko hata karibu. Mwisho wa upepo ni kilomita 38 kwa saa. Usipokuwa na kipimo, miti midogo ikianza kuyumba yote, watoto wote watoke na upepo utolewe. Umeme ukikatika vilevile, watoke kabla paa halijawalalia, kwa hiyo mwangalizi asiwe yule yule anayekata tiketi.

Wapo wanaosema huku kwetu hatuna burudani mpaka tuwe na gurudumu kubwa kama lile la Ferris lililosimamishwa Chicago mwaka 1893, mita 80 kwenda juu. Ningelipanda hata leo, nikiangalia milima ya Loleza na Rungwe kutoka kileleni. Lakini kinachofaa kuigwa kwanza kutoka viwanja hivyo vikubwa hakihitaji umeme. Kabla geti halijafunguliwa, mafundi wanapita kila chombo wakiwa na orodha mkononi, wanakizungusha kikiwa kitupu, wanasaini, ndipo mtu wa kwanza anapanda. Kwa kiwanja cha bembea mbili na mserereko kazi hiyo ni dakika 15: ndoano, mnyororo, kiti, kiungo, bolti, vioo vilivyovunjika usiku, mavi ya paka.

Na reki. Chini ya kila kiti na mwisho wa mserereko miguu inasukuma vipande vya mbao pembeni hadi shimo linatokea, tena hapo hapo ndipo mtoto anapoangukia. Piga mstari wa rangi nyekundu kwenye kila nguzo, mahali uso wa mbao unapopaswa kufika baada ya kushindiliwa, inchi 9 juu ya viroba. Asubuhi mstari ukionekana juu ya mbao, vuta kutoka pembeni. Pembeni pakiwa pamekwisha pia, bembea zifungwe juu kwenye mhimili mpaka gari la Mafinga lifike.