Kilomita Sita za Jangwa

Jamani, nina shemeji. Kaka yake Mama Kulwa, anaishi Dar, kaja Tabora kupumzika, yaani sisi ndiyo tusipumzike. Kutwa yuko kwenye simu anaangalia Wazungu na mapikipiki yao huko Jordan: wanakatiza mchanga mwekundu wa Wadi Rum, jioni wako Petra, mji uliochongwa mwambani miaka zaidi ya 2000 iliyopita. "Shemeji," ananiambia, "pikipiki unayo, ukame upo. Tunakosa nini?"

Pikipiki ninayo, ya Kichina, ya kubebea mkaa, gia ya tatu imeshadai talaka. Na ukame upo kweli: Agosti hii miombo imebaki fito, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Lakini jangwa? Kwenye mji wenye miembe kila kona?

Nikamwambia ya kale yaliyo karibu ni Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, yule mmisionari wa Kizungu wa zamani. Akafurahi kama mtoto wa Idi. Sikumwambia ni kama kilomita 6 tu kutoka mjini. Mama Kulwa akatufungia matobolwa ya viazi vitamu na dumu la maji la lita tano, utadhani tunakwenda Hija. "Kurudi mpite na asali."

Shemeji akatoka na koti la ngozi, miwani myeusi na kitambaa usoni. Kijiweni wakaniuliza nimembeba jambazi au nimemteka. Uzito wake siutaji, ila kila tuta shokapu zilikuwa zinataja majina ya marehemu.

Halafu tukaingia mchangani. Mchanga wa Tabora hauna utani, ndugu zangu. Tairi la mbele likaelekea Sikonge, la nyuma likataka Urambo, sisi tukabaki palepale, chini. Nimelaliwa na pikipiki, mguu unaungua kwenye ekzosi, shemeji anajikung'uta: "Umenipiga picha?"

Kuinua chombo, pancha. Fundi kaenda msibani, anarudi sasa hivi. Hiyo "sasa hivi" tuliila chini ya mwembe saa tatu nzima, pamoja na matobolwa yote. Bibi mmoja alitupita akienda kuchota maji, akatupita akirudi, mara ya pili akatupa pole badala ya salamu.

Kwihara tukafika alasiri. Kuta nene za udongo, mlango wa nakshi, ndani nakala za barua na ramani. Mtunzaji akatueleza: Stanley, mwandishi wa habari, alifika 1871, akakuta Waarabu wanapigana na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, akajitia kimbelembele, wakachapwa wote, na Agosti hiyo Mirambo akaja kuichoma Tabora. Baadaye Stanley akaenda Ujiji kumtafuta mzee Livingstone, wakarudi naye hapa Februari 1872. Machi Stanley akashika njia ya pwani, akamwacha mzee anasubiri wapagazi. Wakafika Agosti. Miezi mitano unasubiri watu walioko njiani! Mimi machozi yalinilenga. Yule mzee alikuwa anasubiri fundi wa pancha.

Shemeji yeye analizunguka jengo kanuna. "Mbona halijabomoka?"

"Limekarabatiwa," mtunzaji akajibu kwa fahari.

"Sasa si wangeacha hata ukuta mmoja!"

Nyumbani tumefika usiku, taa ya mbele imekufa, namulika njia kwa simu nimeing'ata kwa meno. Mama Kulwa yuko mlangoni na simu yake. Kwenye picha shemeji kasimama juu ya lundo la mchanga wa kujengea, lile la jirani yetu hapo nyuma, kidevu juu, miwani myeusi. Chini kaandika: "Siku nzima jangwani." Mbuzi wa jirani kamkata pembeni, limebaki sikio.

"Kaka yangu siku nne tu kapelekwa jangwani," Mama Kulwa akasema taratibu, ile taratibu mnayoijua wenye ndoa. "Mimi mwaka wa kumi na mbili huu, hata hiyo Kwihara sijafika."

Nikamtazama shemeji anisaidie. Kaingia kuoga, na maji yangu.

"Na asali iko wapi?"