Shaka ya Tiba ya Kinyesi Ni Halali, Ila Tumeilenga Pasipo Penyewe

Kila ninapowaeleza ndugu na marafiki hapa Arusha kwamba zipo hospitali duniani zinazotibu wagonjwa kwa kinyesi cha watu wengine, jibu la kwanza huwa lile lile: "Mungu apishe mbali." La pili hutegemea mtu. Mama mmoja jirani yangu pale Sakina alisema huo ni uchawi uliovishwa koti jeupe. Kijana wa bodaboda alitaka kujua wanaotoa wanalipwa shilingi ngapi. Shangazi yangu wa Moshi, muuguzi mstaafu, alinyamaza kwanza, kisha akauliza: "Mwanangu, na huyo anayetoa, amepimwa na nani?"

Naandika kwa sababu ya swali hilo. Watu wetu wana haki ya kuitilia shaka tiba hii, na mimi sitamcheka hata mmoja. Ila naona shaka yetu kubwa tumeiweka kwenye uchafu, wakati ilipaswa kukaa pale alipoiweka shangazi.

Tuanze na kinachojulikana. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wengi kupita kiasi cha kuhesabu, na wengi wao wanatufaa: wanasaga nyuzinyuzi ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga, na wanawabana wadudu wabaya wasipate nafasi. Mtu akitumia antibiotiki kali, wale wema wanakufa pamoja na wabaya. Hali inakuwa kama shamba lililopigwa dawa ya kuua kila kinachoota: gugu la kwanza kurudi ndilo linalotawala. Gugu lenyewe kwa wagonjwa wengi wa Ulaya na Marekani ni bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Anamharisha mtu mfululizo, anammalizia maji mwilini, na kwa wazee anaua. Kibaya zaidi, anaacha mbegu ngumu ambazo dawa haziziui, kwa hiyo mgonjwa anamaliza dozi, anapata nafuu, halafu ugonjwa unarudi. Wapo wanaozunguka hivyo kwa miezi.

Hapo ndipo wazo la kinyesi lilipoingia, na si wazo la juzi. Huko China, katika karne ya 4, tabibu Ge Hong aliandika juu ya kuwanywesha wagonjwa wa kuhara mchanganyiko wa kinyesi. Mwaka 1958, daktari wa upasuaji Ben Eiseman na wenzake wa Denver, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa wanne mahututi waliopona baada ya kuingiziwa kinyesi kwa njia ya haja kubwa. Lakini ushahidi uliowanyamazisha madaktari wengi ulitoka Amsterdam mwaka 2013. Wagonjwa 16 ambao ugonjwa ulikuwa ukiwarudia walipewa kinyesi kilichochanganywa na maji ya chumvi na kuchujwa, kikapitishwa kwa mpira wa puani hadi kwenye utumbo mdogo. Kati yao 13 walipona kwa mara moja tu, na wawili wakapona baada ya kurudiwa kwa kinyesi cha mtu mwingine. Katika kundi la wagonjwa 13 waliopewa antibiotiki ya vancomycin peke yake walipona wanne. Watafiti walilisimamisha jaribio kabla ya muda wake, maana tofauti ilikuwa wazi mno kuendelea kuwanyima wengine.

Baada ya hapo serikali zikafuata. Mwaka 2022 NICE, taasisi ya Uingereza inayoshauri tiba zipi zitumike, iliipendekeza tiba hiyo kwa watu ambao ugonjwa huo umewarudia mara kadhaa. Novemba mwaka huo huo Marekani iliidhinisha Rebyota, dawa ya maji inayoingizwa kwa nyuma, na Aprili 2023 ikaidhinisha Vowst, vidonge vya kumeza. Zote mbili chanzo chake ni kinyesi cha watu.

Kwa hiyo anayesema ni uzushi anakosea. Lakini anayesema inatibu kila kitu anakosea vibaya zaidi, na huyo ndiye ninayemwogopa. Idhini zote hizo ni za ugonjwa mmoja. Kwa vidonda vya utumbo mpana kuna majaribio yaliyotoa matumaini kiasi. Kwa unene, kisukari, msongo wa mawazo na usonji, bado watu wanatafuta. Jaribio la Arizona la mwaka 2017 ambalo wazazi wa watoto wenye usonji hutumiana kwenye simu lilikuwa na watoto 18, na halikuwa na kundi la kulinganisha nalo. Watafiti wenyewe walilihesabu kuwa ni mwanzo. Mzazi aliyechoka hasomi hivyo. Anasoma "amepona".

Na hapa mkoani kwetu tunalijua neno hilo linavyoweza kukimbiza watu. Mwaka 2011 Tanzania ilihamia Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa anatoa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, na foleni ya magari ilifika kilomita nyingi porini. Walikwenda maskini, walikwenda mawaziri. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi na za kisukari kwa kuamini wamepona, na wapo waliofia njiani na waliofia nyumbani. Sisemi haya kumdhihaki marehemu wala waliokwenda. Nyumba nyingi za Arusha na Moshi zilipeleka mtu wao, na walikwenda kwa sababu walikuwa wanateseka.

Nasema kwa sababu inanisumbua. Kikombe kile kilikuwa safi machoni na kilitolewa kwa sala, basi watu hawakuuliza ushahidi uko wapi. Kinyesi kinatia kichefuchefu, basi watu hawataki hata kusikia ushahidi uliopo. Mara zote mbili jicho na pua vimefanya kazi ya akili. Kinyaa ni kitu kizuri sana. Kimewaokoa watoto wetu na kipindupindu. Ila hakijui kutofautisha dawa iliyopimwa na ambayo haijapimwa.

Turudi kwa shangazi. Swali lake lina majibu, na majibu yake yanatisha kidogo. Marekani kulianzishwa benki ya kinyesi iitwayo OpenBiome mwaka 2012, na watu waliojitokeza kutoa walikuwa wakipewa dola 40 kwa kila mara. Waliofaulu vipimo vyote hawakufika watatu kati ya 100. Mtu anaulizwa magonjwa ya familia yake, uzito wake, safari zake, dawa alizotumia miezi ya karibuni. Damu yake inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini, kaswende. Choo chake kinapimwa minyoo, amiba, giardia, na bakteria sugu, yaani wasiosikia antibiotiki. Akishapita, anapimwa tena na tena, kwa sababu mtu wa leo si mtu wa mwezi ujao.

Na bado makosa yalitokea. Juni 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba wagonjwa wawili waliopewa kinyesi cha mchangiaji mmoja walipata maambukizi makali ya bakteria sugu, na mmoja wao alifariki. Kinyesi kile hakikuwa kimepimwa bakteria hao. Kuna pia taarifa ya kitabibu ya mwaka 2015 ya mama aliyepona kuhara baada ya kupewa kinyesi cha binti yake mwenye uzito mkubwa, kisha yeye mwenyewe akanenepa kwa namna ambayo hakuwahi kunenepa. Kisa kimoja hakithibitishi kitu. Lakini ungekuwa wewe, ungetaka kuambiwa mapema.

Sasa fikiria kumtafuta mchangiaji huyo Kaloleni, Ngaramtoni au Majengo ya Moshi. Tatizo la kwanza ni kwamba antibiotiki kwetu zinanunuliwa kama pipi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu maduka ya dawa ya Moshi ulionyesha kwamba mengi yanaziuza bila cheti cha daktari, na nani wetu atashangaa? Mtu anakohoa siku mbili, anaomba "rangi mbili", anameza nne, anaacha. Anayeishi hivyo huenda amebeba utumboni bakteria sugu bila kuumwa chochote. Ni mzima kabisa, na kinyesi chake kinaweza kumuua mgonjwa dhaifu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Waafrika tuna matumbo ya asili, tuna utajiri wa bakteria, basi tutoe tu, nakereka. Utajiri upo, na sumu ipo humo humo.

Tatizo la pili ni la moyo. Nimefanya kazi maabara, na najua mtu mzima mwenye heshima zake anavyorudisha kikopo cha choo: kimefungwa gazeti, gazeti limo kwenye mfuko, mfuko umo kwenye mkoba, na macho yako chini. Baadhi wameniuliza kwa sauti ya chini kinachobaki kinatupwa wapi. Nilielewa. Tumelelewa tukiambiwa kucha, nywele na choo cha mtu havitupwi ovyo, maana adui anaweza kuvitumia. Huwezi kumjibu mtu huyo kwa kicheko. Unamjibu kwa kumwonyesha kinapochomwa.

Hata damu, ambayo haina aibu yoyote, inatusumbua. Watu wa Damu Salama, wanaokusanya damu ya hospitali, wanahangaika kila mwaka na familia zinazochangia pale tu mgonjwa wao anapolazwa, na bado utasikia mtu akisema damu yake itauzwa. Kwa kinyesi, ndugu kuchangia ndugu yake kuna hatari ya ziada. Katika ukoo wetu, mgonjwa akihitaji kitu mwilini mwako, kukataa ni kesi ya kikao. Kijana anayejua ana ugonjwa anaouficha ataubeba hadi kwenye kipimo, au atasema uongo kwenye dodoso. Mimi ningependelea mchangiaji asiyemjua mgonjwa, anayeweza kusema hapana bila shangazi yeyote kujua, na anayelipwa nauli na muda wake, isifike kiasi cha kumfanya afiche kwamba wiki iliyopita aliharisha.

Wapo watakaosema mjadala huu ni wa mapema, kwani tiba hii bado haijawa ya kawaida hospitalini kwetu. Siafiki. Simu zimeshafika kabla ya hospitali. Maelekezo ya kujifanyia nyumbani kwa blenda na bomba la enema, lile la kuingizia maji kwa nyuma, yanapatikana bure, na mama mwenye mtoto anayeteseka hatasubiri TMDA, mamlaka yetu ya dawa. Nikuombe wewe unayesoma na umewahi kulifikiria: usifanye. Kinyesi cha mumeo hakijapimwa hata kama mumeo ni mzima. Kama ni tumbo linalokusumbua, kapime kwanza ujue ni nini, na usimeze antibiotiki usizoandikiwa. Makande, loshoro, mtindi na maharage havitakuponya ugonjwa mkubwa, ila bakteria wako wanavipenda na havihitaji kibali.

Jambo la mwisho linanigusa kuliko yote, na hapa mjini silisikii likizungumzwa. Baadhi ya wachangiaji wa kinyesi cha utafiti wanaojulikana sana duniani wanaishi mkoani kwetu na jirani yake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, wamechukuliwa sampuli kwa miaka. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha matumbo yao na ya Waitaliano, wakakuta aina za bakteria ambazo Waitaliano hawana. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha jinsi bakteria wao wanavyobadilika kati ya masika na kiangazi. Mwaka huo wa 2014 Mmarekani mmoja, mtafiti, alichukua kinyesi cha mwanamume wa Kihadzabe akajiingizia mwenyewe, akaueleza ulimwengu. Watu hao wamebaki takribani elfu moja na kidogo, na ardhi yao inamegwa na mashamba na mifugo kila msimu.

Sayansi hiyo ina thamani na sitaki isimame. Lakini mtu wa Mang'ola, huko huko Eyasi, anapotoa sampuli, je, anaelewa kwamba ndani yake mna kitu ambacho kampuni inaweza kukigeuza kidonge cha maelfu ya dola? NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, inapopitisha maombi ya utafiti wa namna hii, nataka iulize malipo yatarudije Eyasi, na nataka fomu ya ridhaa isomwe kwa Kihadza, jioni, watu wote wakiwa wamerudi kutoka porini, na wazee wapewe muda wa kujadiliana kabla mtu yeyote hajakabidhiwa kikopo.