Mashine inayosikiliza na wazee wanaopatanisha

Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayojibu maandishi ya mtu, ilipofunguliwa kwa umma mwezi wa Novemba 2022, mabishano mengi kuhusu akili bandia yamehusu ajira zitakazopotea. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako watu wengi hawana mshahara wa kupokonywa, swali linalonigusa zaidi ni hili: mtu aliyegombana na mwenzake wa ndoa, na ndugu zake au na wenzake wa likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, atamwendea nani: wazee, au mashine hiyo?

Faida ya kuiendea mashine isidharauliwe. Katika mtaa wetu wa Kadutu nyumba zimebanana, na siri aliyoambiwa shangazi leo huweza kufika kwa ukoo mzima kesho. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imeonyesha kwamba mwanamke aliyebakwa anahitaji tiba ya mwili, faraja ya moyo, msaada wa sheria na njia ya kujitegemea kwa pamoja. Lakini wenye ujuzi huo ni wachache, na waliojeruhiwa ni wengi mno. Ikiwa sentensi ya kwanza, ile iliyo ngumu kuliko zote, itatamkika kwa urahisi mbele ya kitu kisicho na macho, sioni sababu ya kumlaumu aliyeitamka huko.

Hamu ya kuiambia mashine siri si ya jana. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, alieleza programu yake iliyoitwa ELIZA, ambayo ilichukua tu maneno ya mtu na kumrudishia kama maswali. Katibu wake, aliyejua vizuri kwamba ni programu, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani.

Hata hivyo, mashine husikia upande mmoja tu, upande wa anayeandika, nayo huelekea kumpendeza. Mwezi wa Aprili 2025 kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, ililazimika kuondoa toleo jipya la GPT-4o, mfumo uliokuwa ukiiendesha, kwa sababu liliwasifu watumiaji kupita kiasi. Mzee anayepatanisha huwaita wote wawili, huwakatiza, huwaudhi. Na akiamua vibaya, atakutana nao tena sokoni na kanisani, akijibu kwa heshima yake mwenyewe. Mashine haina cha kupoteza ndoa ikivunjika.

Lakini wazee nao, lazima tuseme, mara nyingi wameulinda ukoo kuliko haki. Wapo wanaoendelea kumwambia mke kwamba hawezi kusaini mkataba wa kazi bila ruhusa ya bwana wake, ingawa sheria ya mwaka 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia ya Kongo iliondoa sharti hilo. Mwanamke anayeweza kuuliza simu yake, kisha akahakikisha jibu kwa mwanasheria, maana mashine hukosea sheria kwa sauti ya uhakika, anaingia kikaoni akiwa na hoja mkononi.

Kwa hiyo napendelea mashine iwe mahali pa kujiandaa, na upatanisho wenyewe ubaki kwa watu. Anayeleta ushauri wa simu mbele ya wazee asome pia alichoiambia, ili mwenzake apate kujibu. Pale tu ambapo mwenzake huyo ndiye anayempiga, mazungumzo hayo yabaki siri yake, na usalama wake utangulie patano lolote.