Breki Zikilia, Tumlipe Fundi kwa Kutafuta Kabla ya Kubadilisha

Katika gereji nyingi za Tanga, kuanzia zile za mitaa ya Ngamiani hadi zilizo kando ya barabara ya kuelekea Pongwe, gari kuukuu linaloletwa kwa sababu breki zinalia huondoka likiwa limefungwa pedi mpya, yaani vile vipande vinavyobana diski inayozunguka na gurudumu. Kuna siku pedi ndizo zilizokuwa na kasoro, na mlio hukoma. Mara nyingi mno, hata hivyo, mlio hurudi pedi hizo zikiwa bado nene, mwenye gari akamlaumu fundi, fundi akazilaumu spea za siku hizi, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua ni nini hasa kilichokuwa kinalia. Sidhani kwamba mafundi wetu wamepungukiwa ujuzi. Tatizo ni jinsi tunavyowalipa: tunalipia kifaa kilichofungwa, na muda wa kutafuta chanzo tunautaka bure. Fundi aliyefungua magurudumu yote manne, akakuta kijiwe na kukitoa, atadai nini mbele ya mteja anayemwuliza, “Yaani kutoa kijiwe tu ndiyo unataka hela yote hii?”

Kazi ya kutafuta huanza kabla jeki haijatolewa kwenye buti, na anayeianza ni dereva. Kumwambia fundi kwamba “breki zinapiga kelele” hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kujua zinapiga lini: unapokanyaga au unapoachia, asubuhi au gari likishapata moto, unapokwenda mbele au unaporudi nyuma, kwenye barabara iliyonyooka au unapokata kona. Dereva anayeweza kujibu maswali hayo amekwisha kumpunguzia fundi nusu ya kazi.

Chukua mlio wa asubuhi, ambao sisi tunaoishi karibu na bahari tunaufahamu vizuri. Diski ya breki ni chuma cha kusubu kisichopakwa rangi pale pedi zinapobana, na gari lililolala nje Raskazone usiku wa mvua litaamka na kutu nyembamba ya rangi ya machungwa juu ya diski. Breki za kwanza hukwaruza, kutu huondoka, na baada ya kukanyaga mara chache mlio hauupati tena. Hapo hapana cha kununua. Gari lililosimama wiki kadhaa ni habari nyingine, kwa kuwa kutu huila diski kwa ndani zaidi, na breki shuu za nyuma zaweza kugandana na dramu, lile bakuli la chuma zinamobana kwa ndani, hata gari likagoma kuondoka, kisha likaachia kwa kishindo.

Mlio mwembamba na mkali unaosikika gari likitembea bila breki kukanyagwa, na mara nyingine ukanyamaza unapokanyaga, una maana tofauti kabisa. Pedi nyingi zina kijiulimi cha chuma kilichowekwa makusudi ili kigusane na diski pale ambapo unene wa pedi umebaki kama milimita 2 au 3, wakati pedi mpya huwa na milimita 10 hivi au zaidi. Nimewahi kumwona fundi akikikunja kijiulimi hicho kwa koleo ili mteja aondoke na gari lililo kimya, na mteja akalipa kwa furaha. Kinachofuata baada ya hapo ni muungurumo wa kusaga, chuma kwa chuma, na wakati huo diski nayo inakuwa imeharibika. Diski nyingi zimechongwa ukingoni unene wa chini unaoruhusiwa. Ikishapungua kupita kipimo hicho, kuipeleka kwa mchongaji ni kupoteza fedha.

Mahali ambapo uvivu wetu wa kutafuta unatugharimu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye pini za kalipa, kile kifaa kinachozishika pedi na kuzibana kwenye diski. Magari mengi ya abiria tuliyo nayo, zikiwemo Corolla za miaka ya 1990 ambazo bado zimejaa mjini, yana kalipa ya mbele yenye pistoni upande mmoja tu. Pistoni huisukuma pedi ya ndani moja kwa moja, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje ije kubana diski kutoka upande wa pili. Vifuniko vya mpira vya pini hizo vikichanika, unyevunyevu wa chumvi na vumbi huingia, grisi hukauka, na kalipa haitelezi tena. Ukizitoa pedi mbili za gurudumu moja na kuzilaza pamoja juu ya gunia utaona ushahidi wote: ya ndani imekwisha hadi karibu na bati lake la mgongoni, na uso wake unameta kama kioo kwa kuungua, ilhali ya nje bado nene. Ukifunga pedi mpya juu ya pini zilizoganda, zitalika vivyo hivyo na zitalia vivyo hivyo. Dawa yake ni kuchomoa pini, kuzisafisha kutu, kubadilisha vifuniko vya mpira, na kupaka grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, kwa sababu grisi ya kawaida huuvimbisha mpira na tatizo likaanza upya. Gharama yake ni ndogo, lakini fundi asiyelipwa kwa kuangalia hatafika huko.

Halafu ipo milio ambayo si ya breki kabisa. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na ukabadilika gari linapoegemea upande mmoja kwenye kona, ni wa kushuku beringi ya gurudumu. Mkwaruzo wa ghafla baada ya njia ya kokoto, kama zile za kupandia Amani, mara nyingi ni kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati la kuzuia vumbi. Namna rahisi ya kujua upande unaolia ni kuendesha polepole, vioo vikiwa chini, kando ya ukuta mrefu, kwanza ukuta ukiwa kushoto kisha kulia, maana ukuta unaurudisha mlio sikioni. Kwa mlio wa nyuma, tafuta uwanja mtupu, vuta breki ya mkono taratibu gari likiwa katika mwendo wa mtu anayetembea, huku umekibonyeza kitufe chake ili isijifunge, na usikilize kama mlio unatokea.

Jambo moja nalipinga bila kusitasita: kupuliza vumbi la breki kwa kompresa au kwa mdomo. Pedi na shuu za zamani zaweza kuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani, na hata vumbi lisilo nayo halifai mapafuni. Maji na kitambaa vinatosha.

Pendekezo langu kwa wenye magari ni kukubaliana bei ya ukaguzi kabla nati haijalegezwa, na kuilipa hata kama hakuna kifaa kitakachobadilishwa. Omba uonyeshwe pedi na pini zikiwa nje, ndipo uende duka la spea, na ukinunua pedi nunua za magurudumu yote mawili ya mbele. Mafundi nao wakishajua kwamba jibu lina bei yake, hawatalazimika kutuuzia vyuma ili wapate chakula cha mchana.

Kwa anayesafiri kwenda Lushoto, ukaguzi huo ufanyike kabla ya kufika Mombo, ambako barabara huanza kupanda milima. Kalipa iliyoganda hubana diski wakati wote, hata mguu ukiwa umeondoka kwenye breki, na joto lake huingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kustahimili nyuzi joto 205 za Selsiasi bila kuchemka, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140, na katika mteremko wa kutoka Soni mguu utazama hadi sakafuni bila mlio wowote wa kukuonya. Baada ya mwendo wa barabara ya wazi, simamisha gari na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ukikuta moja ina moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, geuza gari urudi kwa fundi.