Mganga Mfawidhi, Usimwachie Mhasibu Hesabu Zote

Katika hospitali zetu nyingi kuna mgawanyo wa kazi uliokwisha kuzoeleka. Mganga mfawidhi, yaani daktari anayeongoza hospitali, anahangaika na wagonjwa, mhasibu anahangaika na pesa, na wawili hao hukutana pale hati ya malipo inapohitaji sahihi. Naupinga mgawanyo huu kwa nguvu zote. Pesa ya hospitali hupatikana au hupotea wodini, kliniki na stoo ya dawa. Ikifika mezani kwa mhasibu, mambo mengi yamekwisha kuamuliwa.

Kwa Tanzania jambo hili lilipata uzito mpya mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kuishia halmashauri. Ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini tabibu aliyesomea kutibu malaria na nimonia alijikuta anapanga bajeti, anasaini malipo na kujibu hoja za wakaguzi. Wengi walifundishwa namna ya kujaza mfumo wa kihasibu wa kituo. Kusoma kile ambacho mfumo unawaambia ni somo jingine, na hilo wachache ndio waliolipata.

Ningepewa saa moja tu na mfawidhi mpya, ningeitumia yote kwenye tofauti kati ya mapato na fedha iliyopo mkononi. Tuseme hospitali imetoa huduma za shilingi milioni 60 mwezi huu. Milioni 15 zimelipwa taslimu, milioni 45 ni madai ya bima. Dawa, umeme, oksijeni, mafuta ya jenereta na posho za zamu vimegharimu milioni 50. Kwenye taarifa ya mapato na matumizi kuna ziada ya milioni 10, na kikao kinapiga makofi. Benki, hata hivyo, imeingia milioni 15, na wanaodai milioni 50 hawalipwi kwa taarifa. Pesa ya bima itakuja baadaye, na ikija itakuja na makato, yaani madai ambayo bima imekataa kuyalipa. Zikikatwa milioni 5, nusu ya ile ziada imekwenda. Na huduma zile zilishatolewa: dawa ilishamezwa, uzi wa kushonea ulishatumika.

Sasa nenda ukazitazame fomu za madai zilizokatwa na bima. Chukua moja usome. Daktari ameandika dawa bila kuandika ugonjwa. Nyingine haina sahihi ya mgonjwa. Nyingine ina antibiotiki ambayo mwongozo wa matibabu hauiruhusu kwa ngazi ya kituo chako. Nyingine kipimo kimedaiwa, lakini majibu hayakuambatanishwa. Hakuna hata kosa moja hapo ambalo mhasibu angeweza kulirekebisha kwa haki. Madai yakitumwa kielektroniki, kosa la daktari linasafiri vilevile, kwa kasi zaidi. Mwenye mamlaka ya kumwita daktari na kumwambia "jaza hapa" ni mfawidhi, na hawezi kumwita kama hajawahi kuomba orodha ya makato na sababu zake. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeligusa mara kwa mara suala la madai yaliyokataliwa. Inaniuma kuona linasomwa kama kosa la ofisi ya uhasibu.

Stoo nayo ni akaunti, isipokuwa pesa yake imekaa kwenye maboksi. Kadi ya stoo inayosema chupa 200 huku kwenye shelfu ziko 140 ni upotevu wa fedha sawasawa na noti zilizotoweka kwenye droo. Dawa iliyoagizwa kwa mazoea, ikakaa mpaka ikaisha muda, imenunuliwa kwa pesa ambayo ingeleta dawa nyingine kutoka Bohari ya Dawa ya serikali au kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa. Mfawidhi anayepita stoo na kuhesabu aina chache tu za dawa zinazotoka sana atajua mengi kuliko anayesubiri taarifa ya robo mwaka.

Kuhusu gharama, tunapenda kupanga bei kwa kuangalia jirani anatoza ngapi. Tufanye hesabu kidogo. Mashine ya ultrasound ya shilingi milioni 30, ikitarajiwa kufanya kazi miaka 5, inakula milioni 6 kwa mwaka, yaani 500,000 kwa mwezi, kabla hujamlipa mtu, kununua jeli wala kulipia umeme. Ukipima wagonjwa 100 kwa mwezi, kila mmoja anabeba 5,000 ya mashine. Ukipima 40, ni 12,500. Bei uliyoiiga kwa jirani inaweza kumlipa yeye na kukufilisi wewe. Ndiyo maana hata mashine ya msaada inahitaji maswali kabla ya kupokelewa: vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, vinauzwa na nani, kwa bei gani, na fundi anatoka wapi?

Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), yaani orodha ya huduma unazolipia na bei zake, kilipoanza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama wake, ubishi ulikuwa juu ya bei. Katika ubishi wa namna hiyo, anayejua upasuaji mmoja unamgharimu kiasi gani ana cha kusema. Asiyejua hubaki na malalamiko tu.

Wapo wenzangu wanaoogopa kwamba daktari akianza kuhesabu shilingi atageuka mfanyabiashara. Naiheshimu hofu hiyo, kwa sababu nami sitaki kuona mama mjamzito akiulizwa pesa mlangoni. Lakini misamaha ya wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza ina gharama, na gharama isiyoandikwa hakuna wa kuijaza. Hospitali inayokwenda halmashauri na kusema "tunasamehe wengi" hupewa pole. Inayokwenda na kiasi cha misamaha kwa shilingi, mwezi kwa mwezi, wodi kwa wodi, inadai nyongeza kwa hoja. Hesabu ndiyo inayomlinda yule mama.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo tu. Kila Jumatatu mfawidhi akae na mhasibu, mfamasia na muuguzi mfawidhi kwa nusu saa, mbele ya karatasi moja: salio la benki, madai ya bima ambayo hayajalipwa na muda yaliyosubiri, makato ya mwezi na sababu zake, madeni ya wauzaji, dawa zinazokaribia kuisha na zinazokaribia kuharibika, na thamani ya misamaha. Mhasibu aeleze kwa Kiswahili cha kawaida, na mfawidhi asione haya kuuliza mpaka aelewe.