Dawa za miezi 6 kwa mvuvi wa Lamu: apewe au asipewe?

Mvuvi wa Kizingitini anayetumia ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, akitakiwa kliniki kila mwezi, msimu wa kaskazi atakosa dawa, kwa kuwa yuko dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani. Hoja ya kumpa za miezi 3 au 6 kwa mkupuo mmoja ina uzito, na Shirika la Afya Duniani linaikubali kwa mgonjwa aliye imara. Pia kuna siri: kisiwani siku ya kliniki yajulikana na kila mtu.

Wanaosita nao hawakosei. Mtu asiyeonwa nusu mwaka aweza kupata kifua kikuu, apewe dawa zenye rifampicin kwingine bila kusema anatumia ARV. Rifampicin hupunguza nguvu ya dolutegravir, mojawapo ya dawa zilizomo katika kidonge cha ARV, hivyo mgonjwa huhitaji kidonge cha pili cha dolutegravir cha mg 50, saa 12 baada ya kile cha kwanza. Asipokipata, virusi vyaweza kupanda huku anameza dawa kila siku. Kuhesabu vidonge hakufichui hilo, wala hakumnasi anayemwaga vilivyobaki kabla ya kwenda kliniki. Kwangu sharti ni moja: kipimo cha wingi wa virusi. Vimeshuka, apewe za miezi 6; havijashuka, aonwe mara kwa mara mpaka sababu ijulikane.

Jambo linalodharauliwa mno ni chupa. Hulia kama kayamba mkobani, basi watu humimina vidonge kwenye mfuko wa plastiki na kukitupa kile kifuko cha kunyonya unyevu. Tenofovir, dawa nyingine iliyomo katika kidonge hicho, haipatani na unyevu, na mashua haikosi maji. Afadhali atoe vya wiki moja tu, aviweke kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko. Chupa ibaki nyumbani, au kambini akiwa dago, imefungwa, mahali pasipozidi nyuzi 30.

Kwa asiyetumia rifampicin, kidonge ni kimoja kwa siku. Ramadhani kimezwe baada ya futari au wakati wa daku, mradi saa isibadilike kila siku. Akisahau, ameze akumbukapo. Zikibaki chini ya saa 4 kufikia kinachofuata, asubiri hicho, asimeze viwili. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au alumini isikutane nacho tumboni: ARV imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada.

Na anayekwenda dago abebe akiba ya wiki 2 zaidi ya siku alizopanga, maana samaki wakishika hakuna nahodha anayegeuza chombo kwa ajili ya tarehe ya kliniki.